Matembezi ya kipupwe pwani ya Kenya: Shela, Arabuko-Sokoke, Shimba au Kinondo?

Kati ya Juni na Agosti watu wa pwani hutoa sweta kabatini, na mgeni aliyetoka Nyeri au Limuru huwacheka. Acha acheke. Kwa anayependa kutembea kwa miguu, miezi mizuri kuliko hii hakuna. Mchana joto huwa nyuzi 27 au 28 hivi, alfajiri hushuka hadi karibu na 20, na mvua za masika, ambazo hupiga zaidi mwezi wa tano, huwa zimeacha miti imevaa majani na vumbi limelala. Mwezi wa pili ukijaribu kutembea saa sita mchana utajuta. Mwezi wa saba unaweza.

Ila kipupwe kina masharti yake. Ile pwani ya kalenda, maji ya buluu yaliyotulia na mchanga usio na doa, ni pwani ya kaskazi, ya Desemba hadi Machi. Huu ni wakati wa kusi. Upepo huvuma toka kusini kutwa nzima, bahari ya nje huchafuka, na fukwe nyingi za Watamu na Diani hurundikiwa mwani ambao ukianza kuoza utaunusa kabla hujauona. Anayechagua njia kwa kutazama picha mitandaoni anachagua kwa msimu ambao haupo.

Msimamo wangu niuseme mapema: wakati wa kipupwe, njia zilizo nyuma ya ufuo, msituni na kwenye mikoko, huzishinda zile za ufuoni. Ninayoitoa katika hukumu hiyo ni Shela peke yake, ufuo wa Lamu, tena kwa masharti. Kama una wikendi moja tu na hujawahi kutembea upande huu, nenda magofu ya Gede na msitu wa Arabuko-Sokoke. Yanayofuata ni kwa mwenye sababu ya kunibishia.

Kwanza tazama mwezi

Wageni wengi huuliza habari za mvua na kusahau maji. Pwani yetu tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3 siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu au ukiwa umeandama. Ufuo uliotembea asubuhi unaweza usiwepo jioni. Jambo zuri ni kwamba bamvua ina saa zake: maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na tena alasiri, na hutoka kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika hamsini. Ukijua mwezi una siku ngapi, umeshapata nusu ya ratiba yako bila kumuuliza mtu.

Sasa linganisha. Shela inategemea maji kwa kila kitu. Mida na Gazi, kwenye mikoko, hupendeza maji yakiwamo na yakiwa yametoka, ila unachokiona ni tofauti kabisa: maji yakitoka unapata matope na kaa wadogo wenye gando moja kubwa, wanaolipunga hewani na kuzama mashimoni ukisogea, yakijaa unaiona miti imesimama katikati ya maji matulivu. Arabuko-Sokoke, Gede, Shimba na Kinondo hazina habari na bahari. Mwenye likizo isiyoweza kusogezwa, na maji hayakubaliani na saa zake, aanze na hizo.

Shela: ufuo unaotaka hesabu

Kutoka mji wa Lamu hadi Shela ni kama kilomita 3 kandokando ya maji, dakika arobaini na tano kwa mwendo wa kusalimiana na watu. Bamvua ikijaa, sehemu ya njia humezwa, na utajikuta umeshika viatu mkononi au unamwita mwenye boti. Kipande hiki kizuri, lakini ni matembezi ya mjini. Safari yenyewe huanza ukishapinda kona ya Shela na ufuo ukafunguka: kilomita 12 hivi za mchanga kuelekea Kipungani, upande mmoja bahari ya wazi, upande wa pili vilima vya mchanga. Kivuli hakuna, duka hakuna, na sehemu kubwa haina hata nyumba.

Kusi huupiga ufuo huu uso kwa uso. Mchanga hupeperushwa chini chini, kimo cha kifundo cha mguu, na ukiketi kula mkate wako utautafuna na mchanga wake. Mawimbi ya miezi hii ni makubwa, hayafai kwa asiyezoea kuogelea. Hata hivyo ndipo mahali pekee katika njia zote hizi ambapo unaweza kutembea saa nzima ukaona kila kitu kilicho mbele yako, na kitu hicho kikawa ni nafasi tupu. Kuna watu wanaohitaji hivyo. Mtu wa aina hiyo msitu utambana.

Kosa la kawaida ni kuanzia Shela kwa sababu ndiko mlikolala. Mnakwenda kusini-magharibi upepo ukiwasukuma kifuani, baada ya saa moja na nusu mmechoka, mnarudi mkisema ufuo wote ni ule ule. Geuzeni. Panga na nahodha awapeleke Kipungani asubuhi kwa njia ya ndani, kupitia upande wa Matondoni wanakounda majahazi, halafu mtembee kurudi Shela upepo ukiwa mgongoni. Zungumza naye siku moja kabla, maana mlango wa ndani hukauka na yeye ndiye anayejua saa ya kung'oa nanga. Siku za bamvua, mkianza kutembea kwenye saa tatu, maji yatakuwa yanaendelea kutoka na mtapata ule mchanga wa chini uliokazwa na maji, ambao mguu hauzami. Kilomita 12 juu ya mchanga mgumu ni saa tatu au nne. Kilomita hizo hizo juu ya mchanga mkavu ni adhabu.

Vilima vya mchanga vinavutia kupanda, na watoto hawawezi kujizuia, lakini viendeeni taratibu na msing'oe majani yanayovishikilia. Mvua inayoanguka pale hunywewa na mchanga na kuhifadhiwa chini, na hayo ndiyo maji ya visima yanayonywewa mjini Lamu. Ndiyo maana ujenzi juu ya vilima hivyo umekuwa ugomvi wa muda mrefu. Jingine ni mavazi: mji wa Lamu uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, lakini kabla ya hapo na hadi leo ni mji wa watu wenye dini yao. Nguo ya ufuoni iishie ufuoni. Ukiingia mitaani jifunge kikoi au leso. Na usiende ufuo wa mbali peke yako. Beba maji mengi kuliko unavyodhani, vitu vya thamani viache ulikolala.

Arabuko-Sokoke, Gede na Mida: siku moja, nchi tatu

Msitu wa Arabuko-Sokoke una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, na katika misitu mikavu ya pwani iliyobaki Afrika Mashariki hakuna mkubwa kuuzidi. Uko pembeni ya barabara ya Mombasa na Malindi, kiasi kwamba wengi wameupita mara nyingi kwa matatu wakidhani ni vichaka. Ingia hatua mia moja tu. Kusi utaisikia juu ya vichwa vya miti, lakini wewe haikugusi.

Kinachonipendeza hapa ni kwamba udongo ndio unaopanga msitu. Upande wa mashariki kuna msitu mchanganyiko mzito; katikati, juu ya mchanga mweupe usio na rutuba, kuna miti ya mirihi iliyoachana nafasi, jua likipenya hadi chini; magharibi, juu ya udongo mwekundu, miti inakuwa mifupi na imeshikana. Mtembeaji huugundua mpaka kwa miguu yake kwanza: mchanga hubadilika rangi chini ya kiatu, na muda mfupi baadaye unainua macho na kukuta miti nayo ni mingine.

Mnyama wa kumtafuta ni sengi mwenye makalio ya dhahabu. Ana ukubwa wa sungura mdogo, miguu myembamba, pua ndefu anayofukulia wadudu chini ya majani makavu, na nyuma ana kiraka cha manjano ambacho utakiona vizuri pale tu anapokukimbia. Hutembea mchana, na kwa kawaida dume na jike hushirikiana eneo moja. Utamsikia kabla ya kumwona: majani yanachakurwa, yananyamaza, yanachakurwa tena. Simama. Ukisonga mbele kwa pupa, ndiyo basi. Bundi mdogo wa Sokoke, mwenye kimo cha sentimita 16 hivi, ambaye wanasayansi walimwandika mara ya kwanza mwaka 1966, yeye anakaa upande wa udongo mwekundu na bila mwongozaji anayejua tawi lake la siku hiyo utampita mara kumi.

Mwongozaji hapa ni lazima, na siyo kwa ajili ya bundi. Msitu una ndovu. Kinyesi kibichi njiani kinamtosha mwongozaji mzuri kugeuza msafara, na ukimwona amegeuza usimbishie. Waongozaji hupatikana kwenye kituo cha msitu karibu na Gede.

Gede yenyewe ni matembezi mafupi, saa moja au zaidi kidogo, na ndiyo sehemu ninayowashauri hata wasiopenda historia. Mji ulikaliwa kuanzia kama karne ya 12 hadi ya 17, ukaachwa, msitu ukauingia. Kaburi moja lina maandishi ya mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399. James Kirkman alianza kuchimba hapa mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO ikauingiza mji huu katika urithi wa dunia. Hayo utayasoma kwenye bango. Lile ambalo bango haliwezi kukupa ni mzizi mnene kama mtu mzima ulioteremka juu ya ukuta wa matumbawe hadi huwezi kusema ni nani anamshikilia mwenzake, na ubaridi wa msikitini asubuhi ambapo paa halipo lakini miti imekuwa paa. Kima wamezoea watu kupita kiasi. Ndizi iache ndani ya mkoba.

Ghuba ya Mida, kilomita chache tu toka hapo, ndipo picha zinapodanganya zaidi. Yale makundi ya ndege wa pwani wanaofunika matope ni wageni wa kutoka Ulaya na Asia, wanaofika kuanzia mwisho wa Agosti na kuondoka kabla ya masika kukolea. Kipupwe wamebaki wachache, pamoja na wenyeji kama yangeyange na mdiria. Anayefuata ndege tu, nakwambia wazi, aje Novemba. Lakini njia ya mbao inayopenya mikokoni haina msimu, na fedha za kiingilio husaidia karo za wanafunzi wa sekondari wanaoishi kandokando ya msitu na ghuba. Jioni jua likizama nyuma ya mikoko, upepo ukipungua, sijui njia nyingine fupi kiasi hicho inayolipa kiasi hicho.

Ukiviweka vitatu hivi pamoja, msitu alfajiri, magofu saa nne, mikoko jioni, vyote vikiwa ndani ya mwendo mfupi wa tuktuk, unaona kwa nini Shela inashindwa kwa mtu mwenye siku moja. Shela inakupa kitu kimoja kikubwa, na kinataka maandalizi ya siku mbili pamoja na ndege au safari ndefu ya basi na boti. Hapa unashuka matatu barabarani na umefika. Ubaya upo: baada ya mvua mbu ni wengi, njia za udongo mwekundu huteleza, na majani yaliyoshiba masika huficha wanyama ambao mwezi wa pili ungewaona kwa urahisi.

Nyangumi nao huulizwa sana. Ni kweli nyangumi wenye nundu hupita nje ya miamba ya Watamu kati ya Julai na Septemba. Kuwaona kwa uhakika kunataka boti, na kusi haina huruma kwa tumbo la mtu wa bara.

Upande wa kusini: Shimba au Kinondo

Hapa ulinganisho ni wa karibu zaidi, kwa sababu aliyelala Diani anaweza kwenda popote kati ya hizi mbili asubuhi moja.

Milima ya Shimba, karibu na mji wa Kwale, imeinuka zaidi ya mita 400 juu ya bahari. Asubuhi za kipupwe ukungu hukaa juu ya nyasi hadi saa tatu, na koti utalihitaji kweli. Matembezi yanayojulikana ni ya kuteremka kwenda maporomoko ya Sheldrick, yenye urefu wa mita 21 hivi, yakiwa na maji mengi kwa kuwa masika yamepita juzi tu. Kuteremka ni kama kilomita 2 ukiwa na askari wa wanyamapori, kwa sababu ndovu wapo. Kupanda kurudi ni kilomita hizo hizo lakini magoti yatakataa hesabu. Hifadhi hii pia ndiyo mahali pekee Kenya unapoweza kumwona palahala akiwa porini. Dume ana pembe zilizopinda nyuma na ngozi inayokaribia weusi.

Kasoro ya Shimba kwa mtembeaji ni kwamba sehemu kubwa ya siku utakuwa garini. Hifadhi haitembelewi kwa miguu toka langoni, kwa hiyo asiye na gari lazima akodi, na kiingilio cha KWS, shirika la wanyamapori, hulipwa mtandaoni kupitia eCitizen, tovuti ya serikali, fedha taslimu mlangoni hazikusaidii. Ukigawanya gharama hiyo kwa watu watano ni sawa. Kwa watu wawili ni matembezi mafupi ya bei ya juu.

Kaya Kinondo ni kinyume chake kwa kila namna. Ni msitu mdogo, hekta 30 hivi, tambarare, unaozungukwa kwa saa moja kwa mwendo wa polepole. Ni mojawapo ya makaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, yaliyoingizwa urithi wa dunia mwaka 2008, na Wadigo wa hapo bado wanaliheshimu kama mahali pa ibada na pa mababu. Kabla ya kuingia unafungwa kitambaa cheusi kiunoni. Huvunji kijiti, huokoti jiwe, huondoki hata na jani lililoanguka, na kukumbatiana kwa mahaba kaachie nje. Mwongozaji ni mtu wa kijiji, na maelezo yake ya mti gani unatibu nini ndiyo matembezi yenyewe. Anayekwenda kwa haraka ya kumaliza njia hatapata kitu.

Kwa mandhari, Shimba inashinda, hilo halina ubishi. Kwa kila kitu kingine mimi huwapeleka wageni Kinondo, kisha tunaendelea kusini hadi Gazi, ambako kikundi cha akina mama wana njia yao ya mbao ndani ya mikoko. Ghuba hiyo hiyo ndiyo yenye mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu 2013 unauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko, na mapato yanarudi kijijini kwa maji na shule. Mkimaliza kutembea, waagizeni chakula hapo hapo. Ila ombeni mapema, akina mama hawapiki kwa kubahatisha.

Marafa, bonde la mchanga lililomomonyoka, upande wa bara wa Malindi, nalitaja kwa kuwa mtaulizwa kwa nini hamkwenda. Kuta zake zina matabaka meupe, ya waridi na mekundu, na jua la magharibi huyawasha. Kipupwe ndicho kipindi pekee ambacho chini ya bonde hapageuki tanuri. Lakini ni mwendo mrefu wa gari kwa nusu saa ya kutembea, na mimi ningeongeza Marafa kwenye safari ya Malindi iliyokwisha kupangwa. Kuifuata yenyewe toka Mombasa, hapana.

Unakwenda na nani?

Mwenye mzee wa magoti mabovu achague Gede na njia ya mbao ya Gazi au Mida. Gede njia zake ni tambarare na pa kuketi hapakosekani. Shimba asahau. Watoto wadogo hufurahia Mida maji yakiwa yametoka, kwa sababu ya kaa, na huchoka Kinondo ambako wanaambiwa wasiguse kila kitu. Vijana wenye nguvu na siku tatu za kupoteza waende Lamu.

Anayesafiri peke yake bila gari ana jibu moja tu, Gede, kwa sababu matatu za Malindi hupita kutwa na tuktuk zinasubiri njiapanda ya Watamu. Kusini, anayetoka Mombasa atavuka feri ya Likoni, au mwenye gari azungukie Dongo Kundu; asiyependa foleni avuke kabla ya saa kumi na mbili asubuhi.

Viatu: Shela makubadhi au miguu mitupu, kwingine kote kiatu kilichofunika vidole, maana siafu wa msituni hawana adabu. Suruali ndefu Arabuko. Koti jepesi la mvua kila mahali, kwa kuwa manyunyu ya kipupwe hupita asubuhi bila hodi, dakika kumi, kisha jua. Ikiwa imenyesha usiku kucha, Marafa iahirisheni na njia za udongo mwekundu mziache zikauke. Anzeni na magofu ya Gede, msitu muupe hadi alasiri.